Bunduki ya kulungu isiyoumiza bega

Kaka, umesema unakwenda Marekani kwa shemeji msimu wa kuwinda kulungu na bega lako lilifanyiwa upasuaji. Basi chukua shotgun ya geji 20, si 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu: namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana zaidi), na iwe ya kujipakia yenyewe kwa gesi. Humo sehemu ya gesi ya baruti huchepushwa kurudisha nyuma bolti, kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, kwa hiyo teke, yaani bunduki kukurudia begani, linakuja taratibu kama kusukumwa, badala ya ngumi moja. Beretta A400 na Remington 1100 hufanya kazi hivyo. Benelli M2 hujipakia kwa nguvu ya teke lenyewe. Ni nyepesi na haichafuki haraka, lakini bega litaisikia zaidi.

Uzito usiuogope, unameza teke. Na tafadhali sana, usinunue kabla ya kuiweka begani: kitako kirefu kupita kiasi huumiza hata kwa bunduki nzuri. Kwa kulungu tumia risasi moja nzito, si ile ya chembe nyingi, na uipime kwanza kwenye shabaha.

Ila usirudi nayo Nairobi ukifikiria swala wa Athi. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku hapa tangu 1977.