Mawimbi ya Nazaré: nisimame wapi?

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Lisbon. Januari hii wenzangu wa chuo wamepanga twende Nazaré, mji wa pwani hapa Ureno, kuwaangalia wanaoteleza na mbao juu ya yale mawimbi makubwa. Wanataka tushuke mpaka mchangani, tuyaone kwa karibu. Kuogelea najua tangu utoto, lakini moyo unasita. Mbona bahari ya kwetu haifanyi hivyo? Na nisimame wapi?
Binti wa Tanga, Lisbon

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisitesite tena: siku ya mawimbi makubwa mchanga wa Praia do Norte, ule ufuo yanakopiga, usiukanyage. Panda ngomeni.

Bahari uliyokulia ina walinzi. Pemba imekaa mbele ya Tanga, na miamba ya matumbawe inalivunja wimbi huko nje, likakufikia miguuni limeishiwa nguvu. Nazaré hakuna kisiwa wala matumbawe. Kuna korongo chini ya bahari, refu kupita kilomita 200, ambalo huko mbali kina chake kinafika karibu mita 5,000, na kichwa chake kimekuja kukomea karibu kabisa na pwani. Dhoruba za majira ya baridi za Atlantiki ya Kaskazini zikisukuma maji siku kadhaa, wimbi linalopita juu ya korongo haligusi chini, kwa hiyo mwendo wake haupungui. Lile la pembeni, kwenye kina kifupi, linakokota sakafu na kupunguza kasi. La korongoni linapinda, linakutana na mwenzake mbele ya Praia do Norte, na hapo yanapandana. Juu ya hayo, mkondo unaotoka ufukweni unazidi kuyainua. Ajabu ni kwamba ufuo wa mji, upande wa kusini wa jabali linaloutenganisha na Praia do Norte, mara nyingi mawimbi yake ni madogo sana siku hiyohiyo. Wageni wanadanganyika hapo, wanadhani upande wa pili nako kutakuwa hivyo.

Wanaoingia majini pale si watu wa kubahatisha. Wanavaa fulana zinazojaa hewa, wanavutwa kwa kamba na pikipiki ya maji kwa sababu wimbi lina kasi isiyofikiwa kwa kupiga mikono, na juu ya jabali wapo wenzao wenye redio wakimwelekeza dereva. Pamoja na yote hayo, Maya Gabeira wa Brazili alizama pale Oktoba 2013, akatolewa hana fahamu, akazinduliwa mchangani. Alirudi, na Februari 2020 akateleza juu ya wimbi la mita 22.4. Namheshimu mno mwanamke yule. Januari 2023 Mbrazili mwenzake, Márcio Freire, mzoefu wa miaka mingi, alifariki majini palepale. Wewe na wenzako mtashuka na nini? Ufuo una mteremko mkali. Maji yakipanda yanafika mbali kuliko mlivyokadiria, na yakirudi yanazoa kila kitu. Kuogelea kwako hakutakusaidia.

Ngome ninayokuambia ni Forte de São Miguel Arcanjo, ile yenye mnara wa taa mwekundu kwenye ncha ya jabali. Kutoka mjini chini panda kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba, kilichoanza kazi 1889, mpaka mtaa wa Sítio, kisha teremka kwa miguu. Hata pale juu usivuke uzio.

Mwanzoni utaona mawimbi tu, na pengine utasema si makubwa kama ulivyosikia. Jicho halina cha kupimia. Tafuta pikipiki ya maji kwanza, halafu kamba, halafu mtu aliye nyuma yake. Akiiachia kamba na kuanza kushuka, ndipo utaona kimo cha lile wimbi. Hata rekodi hukadiriwa hivyo, kwa kulinganisha kimo cha mtu na wimbi pichani: Garrett McNamara wa Marekani mita 23.8 mwaka 2011, Sebastian Steudtner wa Ujerumani mita 26.21 Oktoba 2020. Chukua darubini, na koti la upepo, maana povu linapeperuka mpaka juu.

Jambo moja wenzako hawajalifikiria: msimu ni Oktoba hadi Machi, lakini siku huamuliwa na dhoruba. Msipange Jumamosi kwa kuwa hamna vipindi. Angalieni utabiri, muda kati ya wimbi na wimbi ukipita sekunde 15, kimo kikiwa kikubwa na upepo mdogo unatoka nchi kavu, hiyo ndiyo siku, hata ikiwa Jumanne.

Mkimaliza, teremkeni mjini. Wanawake wa Nazaré huanika samaki ufukweni juani, na wewe uliyezoea ng'onda utawafurahia. Ulizia samaki mkavu aitwaye carapau.