Maswali na Majibu: Kumbukumbu Zisomwe Mbili Mbili

Nimemaliza kusoma "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu" na nimekipenda. Nisome nini baada yake? (Msomaji, Mwanza)

Umeanza vizuri. Kitabu hicho, kilichozinduliwa Mei 8, 2021, siku Mzee Ali Hassan Mwinyi alipotimiza miaka 96, ni miongoni mwa kumbukumbu chache za viongozi wetu wakuu zilizotolewa kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo pekee kinastahili nafasi katika kila nyumba yenye wasomaji. Hata hivyo, usikiache peke yake. Mtu anayesimulia maisha yake, hata awe mkweli kiasi gani, ndiye anayechagua la kusema na la kunyamazia, na msomaji anayetosheka na msimulizi mmoja amekubali kuchaguliwa.

Kwa hiyo tafuta "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania" cha Mwalimu Nyerere. Kijitabu hicho kilitokana na sakata la mwaka 1993, wabunge waliojulikana kama G55 walipodai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, wakati Mzee Mwinyi akiwa Rais. Mwalimu hakumung'unya maneno: aliwalaumu waziwazi Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama chake mwenyewe. Ukishamsikiliza, rudi kwa Mzee Mwinyi uone miaka ileile inavyoonekana kwa mtu aliyekuwa amekalia kiti. Na ukifika kwenye habari za mwaka 1977, alipojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji ya mahabusu mkoani Shinyanga ambayo yeye binafsi hakuyatenda, soma polepole. Ningependa kila waziri anayekula kiapo apewe habari hizo kabla ya kukabidhiwa ofisi.

Naomba PDF ya kitabu hicho. (Wasomaji wengi)

Sitoi, na ninaomba swali hili lisiletwe tena. Kila nakala ya wizi inayozunguka kwenye simu inampunguzia mchapishaji uwezo wa kuchapa kitabu kingine cha Kiswahili, halafu walewale walioisambaza hulalamika kwamba vitabu vya Kiswahili ni haba. Asiyemudu bei achangishane na wenzake wanunue nakala moja waipokezane.

Wasifu wa Mwalimu wa juzuu tatu ni mkubwa mno. Naweza kuruka? (Msomaji, Kigoma)

Unaweza. "Development as Rebellion" cha mwaka 2020 kimeandikwa na watu watatu, Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, na kila juzuu ina mwandishi wake, hivyo aliyevutwa zaidi na miaka ya Ujamaa anaweza kuanzia juzuu ya tatu, ya Shivji, kisha akarudi nyuma. Kinachoniuma ni kwamba kazi hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wengi wa waliohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ambao maisha yao ndiyo yanayojadiliwa humo, hawawezi kuisoma jinsi ilivyoandikwa.

Je, yaliyomo katika "Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!" ni kweli yote? (Msomaji, Muscat)

Hakuna kitabu kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 kinachostahili kuulizwa hivyo. Kitabu cha Harith Ghassany, kilichotoka mwaka 2010, kimeegemea sana masimulizi ya watu waliohojiwa miaka mingi baada ya tukio, na thamani yake ni kwamba sauti hizo zimehifadhiwa kabla wenyewe hawajaondoka duniani. Lakini shahidi husema aliloliona mahali alipokuwa amesimama, tena kwa kumbukumbu iliyopitiwa na miaka.

Kiweke karibu na kitabu cha G. Thomas Burgess cha mwaka 2009, ambacho ndani ya jalada moja kimekusanya kumbukumbu za Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad. Wa kwanza aliwahi kuwa Waziri wa Elimu katika Serikali ya Mapinduzi, na anayatetea Mapinduzi. Wa pili alimaliza sekondari mwaka 1963, akawekwa kufundisha, akasubiri hadi 1972 ndipo akaenda chuo kikuu. Unasoma habari za serikali moja kwa aliyekuwa akitoa amri na kwa kijana aliyekuwa akizipokea. Usichague upande kabla ya kuwamaliza wote wawili, na wala usichukue sura moja ukaitumia kuwatukanisha jirani zako, jambo ambalo naliona likifanyika mno.

Nipendekezee kitabu cha siri za mafanikio. (Msomaji, Nakuru)

Soma "Wasifu wa Siti binti Saad" cha Shaaban Robert. Utamwona mwanamke aliyetoka Fumba akibeba vyungu kwenda kuviuza mjini Unguja, na ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye santuri.

Kwa nini Kiswahili hakina barua za waandishi zilizochapishwa, kama wenzetu wa Ulaya? (Msomaji, Tanga)

Kinazo, tena za mtu wa mkoa wako. "Barua za Shaaban Robert 1931–1958", zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa mwaka 2002, ni barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zisome sambamba na "Maisha Yangu", kwa kuwa katika kitabu alikuwa akizungumza na umma na katika barua alikuwa akizungumza na ndugu yake, na ndipo karani wa serikali mwenye shida za kila siku anapoonekana nyuma ya mshairi.

"Mbali na Nyumbani" cha Adam Shafi ni riwaya au maisha yake? (Msomaji, Mombasa)

Ni safari yake mwenyewe ya ujanani, iliyosimuliwa kwa ufundi wa mtunzi wa riwaya. Kiamini kuhusu njaa, mipaka na hofu ya kijana asiye na hati za kusafiria, ila usitegemee maneno ya mazungumzo yaliyomo kuwa yametamkwa hivyohivyo.