Kioo cha gari kimevunjwa: maswali yenu na majibu yetu

Maswali ya wizi wa kuvunja kioo yamekuja mengi, na karibu yote yanauliza bei ya kioo. Bei hatutaitaja, maana inategemea gari, mlango na duka. Tutazungumzia kinachowagharimu watu zaidi ya hiyo bei: mambo ya saa za kwanza, na kazi inayotakiwa kufanyika ndani ya mlango kabla kioo kipya hakijaingia.

Habari za kazi. Asubuhi nimekuta kioo cha mlango wa abiria kimevunjwa na begi halipo. Jirani anasema nifagie haraka niende gereji. Ni sawa? (Sinza, Dar es Salaam)

Pole sana. Usifagie bado. Piga picha kwanza: gari zima namba ikionekana, mlango wenyewe, chenga zilizoko kitini na zilizoko chini, na droo ya dashibodi kama imefunguliwa. Hiyo ndiyo picha ambayo bima na polisi wataitaka, na ukishafagia huipati tena.

Halafu kagua kilichoondoka, bila kukalia kiti. Watu hukumbuka begi na laptop wakasahau kadi ya gari, ufunguo wa akiba, swichi ya vioo ya mlango wa dereva, tairi la akiba na kontroli boksi (kompyuta ya injini). Gari likikataa kuwaka baada ya tukio, anza kuangalia kontroli boksi kabla ya kumwita fundi wa umeme. Kama begi lilikuwa na funguo za nyumba, badilisha vitasa leo hii, kwa sababu begi hilo hilo aghalabu lina karatasi yenye jina lako na mahali unapoishi. Ufunguo wa akiba wa gari nao ukiwa umeenda, mwambie fundi wa funguo aufute kwenye mfumo wa gari, asiishie kukuchongea mwingine.

Simu iliyoibwa: fungia laini na akaunti ya pesa kupitia mtandao wako, piga benki wafunge kadi, na tafuta namba ya IMEI (utambulisho wa simu yenyewe) kwenye boksi la simu uende nayo kituoni.

Polisi utatoa maelezo na kupewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Hapa kuna kosa tunaloliona mara kwa mara: mtu anaombewa ripoti ya upotevu ya mtandaoni kwa sababu ni ya haraka. Hiyo ni ya kitu kilichopotea. Wewe umeibiwa, na wizi ni jinai. Ukijaza kwamba "umepoteza" laptop, halafu bima ukawaambia imeibwa, maelezo yako yatakuwa yanapingana yenyewe. Mwombe askari aorodheshe vitu kimoja kimoja, pamoja na kioo kilichovunjwa.

Kama una bima kubwa, ile inayolipa hata hasara ya gari lako, wapigie kabla fundi hajagusa kitu. Wengi hutaka kuliona gari au picha zake na kuidhinisha makadirio ya fundi kwanza. Ukitengeneza ndipo ukadai, umejipa kazi ngumu. Bima ndogo haikulipi hasara hii, kwa kuwa inahusu madhara unayowasababishia wengine.

Fundi wangu yupo Jumatatu na mvua inanyesha. Nifunikeje? (Morogoro)

Vaa gluvu nene, okota vipande vikubwa vilivyobaki kwenye raba ya juu ya mlango, maana hivyo ndivyo vitakavyodondoka mkiwa safarini. Chukua nailoni nzito iliyo wazi, si ya rangi, ili uone kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma unapoendesha. Fungua mlango, izungushe nailoni juu ya fremu, ibandike kwa ndani, kisha ufunge mlango ili raba iibane. Selotepu pana za kahawia usizibandike kwenye rangi ya gari: jua la siku moja linatosha kuiacha gundi yake juu ya rangi. Tumia masking tepu.

Usibonyeze swichi ya kioo hicho, hata kwa kujaribu. Chenga zilizomo mlangoni zikinaswa kwenye waya wa kupandishia kioo zitakata waya au kuikaba mota, na utakuwa umeongeza spea ya pili. Ndani ya gari usiache kitu chochote. Gari lenye nailoni dirishani linajitangaza.

Fundi ana kioo cha mtumba cha Toyota IST, na anasema akishindwa atanikatia kipya cha kawaida. Nichukue kipi? (Ilala, Dar es Salaam)

Kukatiwa, kataa kabisa. Kioo cha mlango kimepashwa moto mkali kiwandani kikapozwa ghafla. Kwa sababu hiyo kikivunjika kinakuwa chenga ndogo butu, na kwa sababu hiyo hiyo hakikatiki: ukikigusa na kikata kioo kinasambaratika chote. Kwa hiyo fundi anayesema "nitakukatia" anazungumzia kioo cha madirisha ya nyumba. Hicho kikipasuka kwenye ajali kinatoa mapande marefu yenye makali, sentimita chache kutoka shingoni kwa abiria. Hakuna nafuu ya bei inayostahili hatari hiyo.

Cha mtumba kutoka gari lililochinjwa (lililofunguliwa kuuzwa spea) ni kizuri, mradi ni cha gari lako hasa. Jina la gari peke yake halitoshi. Nenda na namba ya chesi. IST za kizazi cha kwanza zinaanzia NCP60, NCP61 au NCP65, za kizazi cha pili ni NCP110, NCP115 au ZSP110, na vioo vya vizazi hivyo viwili haviingiliani. Taja pia mlango: mbele au nyuma, kulia au kushoto, ukihesabu kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva. Wauzaji wa spea wa Gerezani pale Kariakoo wanaijua lugha hiyo. Anayechanganya ni mnunuzi anayesimama mbele ya gari na kuonyesha kwa kidole.

Dukani kiangalie kioo kwenye mwanga. Soma maandishi ya pembeni: kioo cha mlango kilichopashwa moto huandikwa TEMPERED, au TEMPERLITE kama ni cha kiwanda cha Asahi cha Japani. Pitisha kidole kando nzima. Pengo dogo ukingoni ndiyo sababu kubwa ya kioo cha mtumba kupasuka chenyewe wiki chache baada ya kufungwa, kwani nguvu yote ya kioo hiki imefungwa ndani na ukingo ndiyo udhaifu wake. Tazama matundu ya boliti yana bushi zake za plastiki. Mikwaruzo ya kusimama wima unayoihisi kwa ukucha haitoki kwa kusugua.

Rangi nayo: vioo vya nyuma vya magari mengi ya Japani vina weusi uliomo ndani ya kioo chenyewe, na vya mbele ni vyeupe. Weusi wa karatasi ya tinti unaweza kuuona ukingo wake karibu na raba. Ukinunua cheupe kwa mlango wa nyuma ukatumaini kukibandika tinti kifanane, kitaonekana tofauti kila gari likisimama juani.

Shikamooni. Nina vifaa kidogo. Naweza kukifunga mwenyewe, au ni kazi ya fundi tu? (Arusha)

Marahaba. Cha mlango unaweza, kama una subira ya nusu siku. Cha mbele na vile vilivyogundishwa mwachie fundi.

Utahitaji bisibisi ya nyota, spana ya boksi namba 10, kipande cha plastiki cha kubandulia, vakyumu yenye mpira mwembamba, tochi na masking tepu. Nunua klipi tano au sita za akiba za kava la mlango, maana za gari la miaka kumi na tano huvunjika hata ukizibembeleza.

Kwenye Toyota nyingi skrubu moja imejificha nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango na nyingine chini ya mahali pa kuvutia mlango. Ukizitoa, bandua kava kuanzia chini, klipi moja moja, kisha linyanyue juu. Usilivute kwa pupa: nyuma yake kuna soketi za swichi na nyaya za kufungulia mlango. Soketi ya rangi ya njano ni ya mifuko ya hewa (airbag). Ukilazimika kuichomoa, toa kwanza waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90.

Chini ya kava utakuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Ibandue taratibu ukiiviringisha, isichanike, na usiitupe. Mafundi wengi huikata kwa wembe na kuitupa, na madhara yake utayaona kwenye jibu linalofuata.

Sasa ndiyo kazi yenyewe. Chenga nyingi hazikudondoka kitini, zimeingia ndani ya mlango. Okota, fyonza, gongagonga mlango kwa kiganja, fyonza tena. Safisha mfereji wa raba ambamo kioo hupita, juu hadi chini, pande zote mbili, na ile raba ya nje inayofuta kioo. Chenga moja ikibaki humo, kioo kipya kinachorwa mstari siku ya kwanza. Zibua matundu ya kutolea maji yaliyoko chini ya mlango kwa waya laini. Kama fundi anakufanyia kazi hii, simama naye kwenye hatua hii hii. Nyingine anaweza kuzifanya peke yake.

Unganisha swichi kwa muda, shusha mashine ya kioo hadi boliti zake mbili zionekane kwenye matundu ya mlango. Ingiza kioo kikiwa kimeinama upande wa mbele, kishikize juu kwa masking tepu, weka boliti bila kuzikaza. Toa tepu, kipandishe mpaka juu kabisa ili kijipange ndani ya raba, kishushe tena, ndipo ukaze. Wanaokaza kwanza ndio wenye vioo vinavyopanda kwa upande. Kaza kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu; bushi ikipondeka kioo kitapasuka hapo hapo. Vidole viwe nje kila unapobonyeza swichi.

Nimefungiwa kioo kipya. Sasa kapeti linalowa, mlango unagonga, na kioo hakipandi chenyewe kwa mguso mmoja kama zamani. (Mwanza)

Ni mambo matatu tofauti. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanatakiwa yatoke kwa matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije ndani ya gari ni ile nailoni. Jaribu: funga kioo, mwaga jagi la maji juu yake kwa nje, tazama. Yakitoka chini ya mlango na kapeti likalowa pia, nailoni imechanwa au haikubandikwa. Inaweza kukatwa mpya kwa nailoni nzito na kubandikwa kwa gundi ileile ya kunata. Yasipotoka chini kabisa, matundu yamezibwa na chenga, na mlango utaoza kwa kutu. Kwenye baadhi ya magari mapya nailoni hiyo ina kazi kubwa zaidi: kihisi cha mfuko wa hewa wa pembeni hupima mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, na mlango wenye tundu unakipotosha.

Kugonga ni chenga au boliti iliyolegea. Kufungua kava tena ndiyo dawa.

Kupanda kwa mguso mmoja kunapotea mota au betri ikichomolewa. Washa swichi ya gari, shusha kioo nusu, kipandishe kwa kuvuta swichi mpaka kifunge na uendelee kushikilia sekunde kadhaa. Kwenye Toyota nyingi taa ya swichi inayomweta itatulia. Kioo kikipanda kwa uzito, puliza silikoni ya dawa kwenye raba. Grisi na oili ya injini zinaivimbisha raba.

Walivunja kile kioo kidogo cha pembetatu cha nyuma. Fundi amekibandika kwa silikoni ya bafuni. (Dodoma)

Kitavuja. Vioo vilivyogundishwa hutaka gundi ya magari aina ya polyurethane, sehemu ikiwa imekwanguliwa, imesafishwa na kupakwa praima ya kushikisha gundi. Silikoni ina kasoro nyingine: inaacha utelezi ambao gundi sahihi haishiki juu yake, hivyo lazima ikwanguliwe yote. Gundi ikishawekwa, acha kioo kimoja kikiwa wazi kidogo mpaka ikauke, kwani ukibamiza mlango hewa ya ndani inakisukuma kioo nje.

Bima yangu ni kubwa, lakini wamelipa kioo na kukataa laptop. Ni haki? (Mombasa)

Kwa kawaida ndivyo mikataba ilivyo. Bima ya gari hulipa gari na vilivyofungwa ndani yake. Mali ya kubebwa huhitaji bima nyingine, mara nyingi ile ya nyumba au ya ofisi ikiwa imetaja vitu vinavyosafiri. Soma pia kipengele cha vioo: huwa na kikomo chake cha malipo, na mingine hukuruhusu kudai kioo bila kupoteza punguzo la kutodai. Kwa madai yoyote Kenya, beba namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa taarifa yako.

Niliegesha baa penye mlinzi na bango la "egesha kwa hatari yako". Naweza kuwadai? (Kinondoni, Dar es Salaam)

Inategemea ulikabidhi nini. Ukimwachia mlinzi ufunguo na kupewa tiketi, gari limekuwa mikononi mwao, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamdai aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu makini angetunza ya kwake. Ukiegesha mwenyewe na kuondoka na ufunguo, hoja yako ni dhaifu zaidi. Vyovyote vile andika malalamiko siku hiyo hiyo, na omba picha za kamera mapema, maana mashine nyingi hurekodi juu ya picha za zamani.

Kiti cha gari cha mtoto wangu kilikuwa upande uliovunjwa. Nimekifyonza. Kinatosha? (Tabata, Dar es Salaam)

Hapana. Vua kitambaa chote, kikung'ute nje kikiwa kimegeuzwa. Geuza kiti juu chini, kigonge, kisha fyonza tundu za mikanda na kifungio. Pitisha mkanda wote mikononi ukiwa na gluvu, urefu mzima, kwani chenga hujishika kwenye nyuzi. Funga na fungua kifungio mara kadhaa: kikisaga au kisipolia "tik" safi, kuna chenga ndani, usimweke mtoto. Fanya hivyo hivyo kwa mkanda wa gari, ukiuvuta mpaka mwisho wake. Kwenye kiti cha gari lenyewe fyonza mshono na pale mgongo unapokutana na kikalio, kisha bandika tepu pana juu ya kitambaa na kuinyofoa, urudie mpaka inyofoke bila kinachong'aa. Fungua kiyoyozi kwa kasi ya juu milango ikiwa wazi na mtoto akiwa mbali, kwa sababu chenga zilizoingia kwenye matundu ya dashibodi hurushwa usoni siku feni inapowashwa.