Vitz ya 2005, kilomita 78,000: nichukue au niache?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata Vitz ya 2005, cc 990, namba D (namba ya usajili inayoanza na herufi D), dalali anasema imetembea kilomita 78,000 tu na injini haijaguswa. Nakaa Goba, kazini Posta, nina watoto wawili wa kupeleka shule. Nichukue?
Mama wawili, Dar

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo kilomita usiitegemee, ukigawa kwa miaka yote tangu 2005 haifiki hata 4,000 kwa mwaka, na kurudisha mita nyuma watu wanafanya kila siku. We angalia raba ya pedeli ya breki na usukani, kama raba imelika na usukani umebaki unang'aa basi hiyo gari imetembea haswa.

Ila mi wasiwasi wangu hauko kwenye injini. Hiyo injini yake, 1KR ya pistoni tatu, ni ngumu, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na ikitetemeka kidogo ikiwa imesimama usiogope, ndo zilivyo. Shida ni gia boksi. Nyingi za cc 990 ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili na inataka oili yake ya CVT, sasa mafundi wengine wanamimina hydrolik (oili ya gia boksi za kawaida) yoyote ile, mkanda unaanza kuteleza taratibu, na mwenye gari akishaanza kusikia mlio anaipeleka kwa dalali fasta.

Kwa hiyo mwambie muuzaji asiwashe gari mpaka ufike, shika boneti uhakikishe imepoa, fungua mfuniko wa oili, ukikuta uteute mweupe kama maziwa ondoka, hapo huenda maji yanaingia kwenye oili. Washa, weka R halafu D, ikichelewa kushika au ikipiga kishindo achana nayo. Kisha panda nayo kilima huko huko Goba, AC imewashwa, watu wanne ndani. Injini ikipiga kelele na spidi haipandi, hiyo gia boksi imechoka, hata akupunguzie bei vipi usichukue.

Mi kwa milima yenu ningejibana nitafute IST ya cc 1300, najua bei iko juu, lakini ina otomatiki ya kawaida ya gia nne na mafundi wengi wanaijua.

Yoyote utakayopenda, kabla ya hela kutoka cheki deni la faini za trafiki na parking kwa namba ya gari, na jina kwenye kadi ya gari liwe la huyo anayesaini mkataba mbele yako, ukiambiwa mwenyewe kasafiri, msubiri arudi.