Hewa ya Wilson: jambo la kuelewa kabla hujakariri namba

Mdogo wangu unayeanza urubani pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo Nairobi, karibu. Nakuomba uielewe hewa kwanza, namba utazikariri baadaye. Vitabu vingi nilivyosomea vilitoka Uingereza na Marekani, na mifano yake ilikuwa ya viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari. Sisi tunaanza kuruka tukiwa tayari futi 5,500 juu.

Wiki yangu ya pili nilikuwa napima injini ya Cessna 172 kabla ya kuruka. Nilipobakisha magneto moja kati ya mbili zinazozipa plagi cheche, injini ikakohoa, ndege nzima ikatetemeka. Nikaamini imeharibika. Mwalimu hakusema neno. Alishika kitasa chekundu cha mafuta, akakivuta nje taratibu, sindano ya mizunguko ikapanda, mtetemo ukatulia. Tukarudia kipimo, mambo safi.

Injini ilikuwa nzima, ila ilikuwa inalishwa kupita kiasi. Kitasa kikisukumwa ndani kabisa, kabureta inatoa mafuta ya kutosha hewa nzito ya pwani. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yanazidi, plagi zinashika masizi na nguvu inapungua. Ukiambiwa "punguza mafuta", sasa unajua sababu.

Halafu kuna joto, na hapa naomba utulie na kalamu. Kipimo cha kimataifa kinasema hewa ya usawa wa bahari ina nyuzi 15, na hupoa nyuzi 2 kila futi 1,000. Kwa hiyo Wilson "ilipaswa" kuwa na nyuzi 4. Mchana wa Februari unasoma 26. Tofauti ni nyuzi 22, na kila nyuzi moja inaongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inahisi iko. Zidisha, upate 2,640. Jumlisha na 5,500, mgandamizo wa hewa ukiwa wa kawaida, na unapita futi 8,100. Hiyo ndiyo walimu wanaita densiti altityudi.

Sasa tazama magharibi, uone vilima vya Ngong. Kilele chake kiko karibu futi 8,070. Ndege yako imesimama Wilson, lakini bawa, propela na injini vinafanya kazi kana kwamba viko juu ya kilele kile. Karibu robo ya nguvu ya injini imeshapotea kabla hujaachia breki. Ndiyo maana nasisitiza uruke asubuhi ukiweza, na ukibeba abiria wawili wazito usijaze matangi bila kupiga hesabu. Ndege kubwa za JKIA, uwanja mkubwa wa kimataifa wa Nairobi, nazo hazikwepi sheria hii, hata na njia ya kurukia ya zaidi ya mita 4,000: joto likipanda, mzigo zinaoweza kuondoka nao unapungua.

Hewa hiyohiyo inadanganya macho wakati wa kutua. Kipima mwendo kinasoma 65, lakini mwendo wako halisi angani ni kama 73. Ardhi inakukimbilia, na mkono unatamani kuvuta usukani ili upunguze mwendo. Usivute! Bawa hupoteza uwezo wa kubeba ndege pale pembe yake dhidi ya hewa inapozidi kiasi, na pembe hiyo unaiongeza wewe kwa mkono wako. Amini kipima mwendo.

Kuhusu kukagua mafuta asubuhi nitasema kwa ufupi: chota kutoka kila tangi, inua kichupa kwenye mwanga. Avgas yetu, yaani petroli ya ndege, ni ya buluu, maji hukaa chini yake. Ukiona mstari, mwaga, chota tena mpaka upotee.

Siku moja utakwenda Ukunda au Malindi, kule pwani, na utafurahi, maana njia yote utakuwa umepunguza mafuta vizuri kama ulivyofundishwa. Hapo ndipo wengi tulisahau. Ukianza kushuka kuelekea pwani, hewa inazidi kuwa nzito, na mafuta uliyoyabana kwa ajili ya juu hayatoshi tena. Injini inapata joto, inaanza kukwama. Kila unaposhuka futi elfu moja hivi, sukuma kitasa chekundu ndani kidogo, na uhakikishe kimefika ndani kabisa kabla hujageuka kuelekea uwanja.