Sola inazima saa nne usiku: tatizo ni paneli au ni hesabu?

Mkuu, umesema una paneli moja ya wati 200, betri ya N100 (volti 12, ampea-saa 100) na inveta ya wati 1,000, na tangu ulete friji kila kitu kinazima saa nne usiku. Umeuliza kama umeuziwa paneli mbovu. Halafu mwishoni ukauliza swali ambalo wachangiaji wengi wamelipita: huu umeme wa maji, gesi, mvuke na jua unatofautiana vipi hasa? Naanza na hilo la mwisho, maana jibu la friji yako limo humo humo.

Mimi ni fundi umeme, ila umeme wenyewe nilikuja kuuelewa Njombe, kwenye mtambo mdogo wa maji wa kijiji. Tulijenga banio kwenye kijito, bomba likashuka bondeni mita 30 wima mpaka kwenye kibanda cha mashine. Kabla ya kununua chochote tulipima maji kwa pipa la lita 200 na saa ya mkononi. Mwezi wa nne pipa lilijaa kwa sekunde 10, yaani lita 20 kila sekunde. Zidisha lita hizo kwa mita za mwanguko, kisha kwa 9.8: unapata kama wati 5,900. Msuguano wa bomba na hasara za mashine vinakula karibu nusu, tukabaki na kilowati 3 na kidogo. Mwezi wa 11 pipa lilelile lilichukua sekunde 25 kujaa. Kilowati 1.3 basi, na nyumba ni zilezile.

Ndani ya kibanda maji yanapiga gurudumu la chuma, gurudumu linazungusha shafti, shafti inazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba. Sumaku ikipita mbele ya waya, umeme unasukumwa ndani ya waya. Michael Faraday aligundua jambo hilo mwaka 1831, na mpaka leo sehemu kubwa ya umeme wa dunia inafuliwa hivyo. Kinachobadilika ni nani anazungusha shafti. Kule Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, zinazungushwa na maji. Olkaria, Kenya, ni mvuke unaopanda kwenye visima kutoka kwenye miamba ya moto, tangu 1981. Ziwa Turkana ni upepo, mapangaboi 365. Kinyerezi, Dar es Salaam, ni gesi: inachomwa, hewa ya moto inasukuma mapanga ya mashine. Kinyerezi II inakwenda mbele zaidi, joto linalotoka kwenye mashine za gesi linachemsha maji, na mvuke wake unazungusha mashine nyingine. Hiyo naipenda sana, joto ambalo lingepotea hewani linafanya kazi mara ya pili.

Sasa turudi kibandani, kuna jambo nataka ulishike. Jioni moja ya mwezi wa 11 mtu alichomeka pasi ya wati 1,000. Sauti ya mtambo ikashuka, ikawa nzito, na globu za kijiji kizima zikawa nyekundu kama makaa. Alipoichomoa, mtambo ukapaza sauti kwa kasi. Umeme unaofuliwa na unaotumika lazima ulingane kila sekunde, hauna mahali pa kusubiri. Ndiyo maana tulifunga hita ndani ya pipa la maji, imeze ziada watu wakizima taa. Usiku wa manane pipa linachemka, na alfajiri kina mama wanakuja na ndoo kuchota maji ya kuogeshea watoto. Hayo maji ya moto ni umeme wa usiku kucha uliokosa pa kuwekwa.

Mitambo mikubwa inaweka akiba kwenye bwawa. Mtera lilijengwa kwanza ili kutunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mtambo wa Kidatu ulio chini yake. Mvua ya masika inafungiwa pale, inafunguliwa kiangazi. Bwawa ni betri.

Sola haina shafti wala kinachozunguka. Mwanga unapiga silikoni na kusukuma umeme moja kwa moja, umeme wa upande mmoja kama wa betri (DC), ndipo inveta inaugeuza uwe kama wa Tanesco. Kwa hiyo wati 200 za paneli yako ni za jua kali la mchana tu. Chukua saa 5 za jua zuri kwa siku: wati 200 mara 5 ni uniti 1, yaani wati 1,000 kwa saa moja. Toa hasara za joto, vumbi na inveta, imebaki uniti 0.7 hivi. Betri ya N100 inabeba kama uniti 1.2, lakini hizi za maji ya asidi ukizitumia kupita nusu unaziua mapema, kwa hiyo hesabu 0.6.

Runinga ya wati 60 kwa saa 5 ni 0.3. Taa nne za wati 7 kwa saa 5 ni 0.14. Hapo ulikuwa salama. Friji ndogo ya kawaida peke yake inaweza kumaliza uniti nzima kwa siku. Ile wati 1,000 ya inveta imekudanganya: inasema unaweza kuchota kiasi gani kwa mpigo, haisemi kuna akiba kiasi gani.

Paneli yako sidhani kama ni mbovu. Ongeza paneli mbili kama hiyo na betri za kutosha, au friji uiwashe mchana jua likiwaka na kuizima jioni. Ila kabla hujatoa hela, piga picha kibandiko cha nyuma ya friji uiweke hapa, tupige hesabu kwa namba zake halisi.