Bretagne kwa Baiskeli: Maswali Yenu Kuhusu Njia Zisizo na Magari

SWALI: Hujambo mwandishi wetu. Tunaishi Lyon, mimi, mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine 11. Likizo hii tunataka kwenda Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, na baiskeli zetu. Mume wangu anataka tufuate bahari mwanzo mwisho. Mimi magari yananitisha. Kwenye ramani nimeona kijia kinachozunguka pwani nzima, kimeandikwa GR34. Tukifuate hicho?
— Mama wa wawili

JIBU: Sijambo, dada yangu. Kijia hicho waachie wenye kutembea kwa miguu. GR34 ina urefu wa kilomita kama 2,000, na chanzo chake ni doria za askari wa forodha waliokuwa wakiwawinda wafanya magendo. Baiskeli hairuhusiwi humo. Hata ingeruhusiwa nisingewashauri: kuna ngazi za mawe, mizizi iliyochomoza, na mahali ambapo bega moja linakwaruzwa na miiba huku la pili likining'inia juu ya maji. Watoto na mizigo haviendi pale.

Jambo ninalotaka mlijue kabla hamjakata tiketi ni hili: kule Bretagne, njia ndefu zisizo na magari ziko bara. Kando ya bahari kuna njia za baiskeli zenye vibao, lakini sehemu kubwa ni barabara ndogo ambazo magari nayo yanapita, na mwezi wa Agosti yanakuwa mengi. Utulivu wa kweli umeachwa na reli ndogo zilizofungwa na mfereji ambao matishali yaliacha kuutumia. Reli na mfereji vyote vilikatiza katikati ya Bretagne. Basi mwambie mzee wa nyumba bahari ataipata, ila mwisho wa safari, akiwa amepita msituni kwanza.

Ningekuwa mimi ningechukua njia yenye namba V7, inayotoka Roscoff kaskazini hadi Concarneau kusini, karibu kilomita 150. Kutoka Roscoff hadi Morlaix bado ni barabara za mashambani zenye magari machache. Kwa sababu ya watoto wako, rukeni kipande hicho: shukeni treni Morlaix, ambayo iko kwenye reli kuu ya Paris hadi Brest. Ukitoka hapo kwenda Carhaix, kama kilomita 45, unapita juu ya tuta la reli nyembamba, yenye upana wa mita moja, iliyofungwa mwaka 1967. Njia hiyo naipenda kuliko zote. Treni za zamani hazikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walikata vilima na kujaza mabonde, na mtoto wa miaka 8 leo anafaidi kazi yao: anapanda kwa muda mrefu bila kujua kwamba anapanda, mpaka ageuke nyuma. Kuta za mawe pande zote zimeota kuvu na majani, na kuna baridi hata jua likiwa kali. Wavalisheni sweta.

Kwa umri wao, kilomita 30 kwa siku zinatosha. Siku nzuri sana, 40. Kutoka Carhaix mnaendelea kusini kupitia Gourin na Scaër hadi Rosporden, na mwisho kuna kama kilomita 15 za reli nyingine ya zamani zinazowafikisha Concarneau, penye mji wa kale uliozungushiwa ukuta katikati ya bandari. Hapo watoto waingie majini. Kurudi, kumbukeni kwamba Concarneau hakuna treni ya abiria. Mtarudi Rosporden kwa baiskeli, kituo kipo pale.

Mawili zaidi ya usalama. Nchini Ufaransa mtoto chini ya miaka 12 lazima avae helmeti, tangu Machi 2017, awe anaendesha mwenyewe au amebebwa. Wako wote wawili wamo. Na hizi njia, ambazo Wafaransa huziita voie verte, hukatwa na barabara za kawaida. Hapo utakuta vizuizi vya mbao au chuma, na mara nyingi ni wewe unayetakiwa kusimama, si gari. Mtoto akishazoea kwamba magari hayapo, ndipo hatari ilipo. Mzazi mmoja awe mbele, na wafundisheni kwamba kila kizuizi ni kushuka chini na kusukuma.

SWALI: Kaka, nimeacha kazi kwa miezi miwili na nataka kusafiri peke yangu kutoka Roscoff hadi Nantes kwa baiskeli. Baiskeli yangu ni ya barabarani, matairi milimita 25. Nianzie upande gani, na matairi yatafaa?
— Msomaji wa Lille

JIBU: Anzia Roscoff. Upepo wa Bretagne mara nyingi unatoka magharibi au kusini-magharibi, kwa hiyo ukielekea Nantes unakusukuma zaidi ya kukuzuia. Utakuwa kwenye EuroVelo 1, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya, ambayo kwa upande wa Ufaransa inaitwa Vélodyssée na inaendelea hadi mpaka wa Hispania.

Matairi hayo hayafai, ndugu yangu. Ukishaacha tuta la reli ya zamani na kuingia kwenye mfereji wa Nantes hadi Brest, unapanda njia waliyopita farasi wakivuta matishali, na leo imewekwa mchanga mgumu na kokoto ndogo. Kukiwa kukavu inapitika vizuri. Mvua ikinyesha, mchanga unakuwa kama uji: unarushwa na gurudumu, unaingia kwenye mnyororo na breki, na unasikia kila pedali ikisaga. Weka tairi la milimita 38 au 40 kama fremu yako inaruhusu. Isiporuhusu, azima baiskeli nyingine. Beba kitambaa na chupa ndogo ya mafuta, ufute mnyororo kila jioni kabla ya kula. Usingoje asubuhi, mchanga utakuwa umekauka ndani.

Mfereji wenyewe una urefu wa kilomita 364. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifungia bandari ya Brest baharini, na Napoleon akataka njia ya kupeleka mizigo kupitia bara. Ulikamilika mwaka 1842, yeye amekwisha kufa zamani. Ukifika Glomel, punguza mwendo. Hapo kuna handaki refu, lililo wazi juu, lililochimbwa na wafungwa walioletwa kutoka gereza la Brest, kwa sururu na mikokoteni. Mimi husimama pale kila nipitapo, kwa heshima ya watu hao.

Kila baada ya muda utaona malango ya maji: chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma, kinachojazwa au kupunguzwa maji ili tishali lipande au lishuke. Kando yake ipo nyumba ndogo ya mlinzi. Kati ya lango na lango njia ni tambarare kabisa, halafu kwenye lango kuna kimlima kifupi. Eneo la Guerlédan mfereji umekatika, kwa sababu bwawa lililomalizwa mwaka 1930 liliuzamisha. Fuata vibao vitakavyokupandisha kwenye reli ya zamani juu ya ziwa.

Chakula: vijijini maduka hufungwa mchana, na Jumatatu mengi hayafunguliwi kabisa. Nunua mkate asubuhi. Maji yakikuishia, tafuta makaburi ya kijiji. Karibu yote yana bomba, la kumwagilia maua. Ingia kwa adabu, jaza chupa, toka.

SWALI: Shikamoo. Magoti yangu yamechoka, siwezi safari ndefu. Je, hakuna mahali hata pafupi ambapo naweza kuona bahari nikiwa juu ya baiskeli, bila magari?
— Mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Papo: rasi ya Quiberon. Kutoka Plouharnel kuna njia ya baiskeli iliyotengwa na barabara, inayopita kwenye shingo nyembamba ya mchanga. Mahali fulani barabara, reli na njia yako vinabanana, bahari iko kushoto na kulia. Ni tambarare, na baiskeli yenye mota ya hadi kilomita 25 kwa saa inaruhusiwa. Nenda Juni au Septemba, asubuhi, kabla watembea kwa miguu hawajajaa. Upande wa magharibi, wanaouita Côte Sauvage, tazama tu, usiogelee. Mawimbi yake yanaua. Jioni ukisikia magoti yanalalamika, kipindi cha kiangazi kuna treni ndogo inayokurudisha bara, mji wa Auray.